Rola za Tela la Boti: Jinsi Zinavyolika na Jinsi ya Kuzitengeneza

Ulyankulu, katika Wilaya ya Kaliua mkoani Tabora, haina ziwa wala bandari. Hata hivyo, nchi ya Unyamwezi imeona vyombo vya majini vikipita juu ya nchi kavu tangu karne ya kumi na tisa. Mwaka 1876, katika zama za Mtemi Mirambo, ambaye utawala wake ulianzia Uyowa na Ulyankulu, msafara wa H. M. Stanley ulipita Unyamwezi ukielekea Ujiji. Wapagazi wake walibeba mashua iitwayo Lady Alice, ikiwa imegawanywa vipande. Mwaka uliofuata Chama cha Wamisionari cha London kilijaribu kutumia magari ya ng'ombe kutoka pwani, lakini ng'ombe wakafa njiani. Kwa hiyo Edward Hore, baharia wa chama hicho, aliposafirisha mashua ya chuma iitwayo Morning Star, vipande vyake vilipakiwa juu ya mikokoteni iliyokokotwa na watu, vikafika Ujiji mwaka 1883.

Siku hizi boti husafiri ikiwa nzima, juu ya tela linalovutwa na gari. Atokaye Ulyankulu kwenda Ziwa Sagara, Mto Ugalla au Kigoma hapati shida kubwa njiani. Shida humkuta kwenye mita chache za mwisho, wakati wa kuishusha boti majini na kuipandisha tena. Hapo kazi yote hutegemea vigurudumu vidogo vilivyopangwa katikati ya tela, ambavyo mafundi huviita rola.

KAZI YA ROLA

Watu wengi hudhani kwamba rola huondoa msuguano. Ukweli ni kwamba rola huuhamisha. Mkuku wa boti ukikokotwa juu ya chuma au ubao, msuguano hutokea mahali mkuku unapogusa. Rola ikiwepo, mkuku hauburuziki. Rola huzunguka, na msuguano huhamia ndani, kati ya tundu la rola na pini yake. Kwa kuwa pini ni nyembamba na rola ni nene, rola hufanya kazi kama wenzo. Rola yenye kipenyo cha milimita 80 ikizunguka juu ya pini ya milimita 16 hupunguza msuguano huo mara tano.

Tuchukue mfano wa boti ya kilo 600 inayopandishwa kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 6 za kwenda mbele. Uzito wake peke yake hudai mvuto wa kama kilo 98. Rola zikiwa nzima na pini zikiwa na grisi, msuguano huongeza kama kilo 24 tu, na jumla huwa kilo 122. Rola zikilika katikati hadi kufikia milimita 60, na pini zikishika kutu, msuguano hufikia kama kilo 80. Rola zikikwama kabisa, mkuku huburuzika juu yake, na mvuto unaohitajika hukaribia kilo 400. Winchi na kamba vilivyotosha mwanzoni sasa hubebeshwa zaidi ya mara tatu ya kazi yake.

Hatari huanzia hapo. Kamba ikikatika, hurudi nyuma kwa kasi ya kuweza kumjeruhi mtu vibaya, na boti huteleza kuwaelekea walio nyuma yake. Aidha, rola iliyokwama huukwangua mkuku kila safari. Boti ya mbao hupoteza rangi na kuanza kunywa maji. Boti ya nyuzi za kioo huchubuka ngozi yake ya juu, ambayo kwa kawaida haifiki unene wa milimita moja.

KWA NINI ROLA HULIKA

Rola nyingi za kiwandani ni za mpira. Mpira una maadui watatu katika nchi kama Tabora. Wa kwanza ni jua pamoja na hewa ya ozoni, ambavyo huukausha na kuupasua. Wa pili ni kukaa muda mrefu chini ya mzigo. Boti ikiegeshwa juu ya tela tangu Mei hadi Oktoba, majira yote ya kiangazi, rola hubonyea mahali pamoja na kubaki na ubapa usiotoka. Wa tatu ni mafuta ya petroli na grisi, ambavyo huvimbisha mpira wa asili na kuulainisha. Kwa sababu hiyo, rola ambayo tundu lake ni mpira mtupu haifai kupakwa grisi ya magari. Grisi ni kwa rola yenye bushi ya chuma.

Pini nayo hulika. Maji na mchanga huingia ndani ya tundu na kufanya kazi ya msasa. Ni vyema ikumbukwe kwamba pini iliyopungua sehemu moja ya kumi ya kipenyo chake imekwisha kupoteza zaidi ya robo ya uwezo wake wa kustahimili kupindwa.

UKAGUZI NA UBADILISHAJI

Ukaguzi hufanywa boti ikiwa haipo juu ya tela. Kila rola izungushwe kwa mkono, kisha itikiswe juu na chini. Rola isiyozunguka, yenye nyufa zinazofika ndani, yenye kiuno kilicholika, au yenye tundu lililokuwa duara na sasa limekuwa kama yai, ibadilishwe.

Kabla ya kufungua chochote, magurudumu ya tela yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao. Kama boti haiwezi kuondolewa, inyanyuliwe kidogo kwa jeki kupitia ubao mpana, ikalishwe juu ya magogo imara, na rola moja tu ifunguliwe kwa wakati mmoja. Kamwe mtu asitie mkono chini ya boti inayoshikiliwa na jeki peke yake.

Pini mpya ikatwe kutoka chuma laini cha duara. Nondo ya ujenzi yenye mistari haifai, kwa sababu mistari hiyo hulila tundu kama tupa. Washa iwekwe kila upande.

Kosa la kawaida ni kubadilisha rola moja na kuziacha nyingine zilizolika. Rola mpya husimama juu kuliko wenzake, hubeba mzigo wote peke yake, na kufa mapema. Ni afadhali rola zote za mstari wa mkuku zibadilishwe pamoja. Baadaye uzi uvutwe kutoka rola ya mbele hadi ya nyuma, na vishikio virekebishwe hadi rola zote ziuguse.

ROLA ZA MNINGA NA NTA

Rola ya mpira isipopatikana, fundi seremala aweza kuitengeneza ya mbao. Mninga, unaoota katika miombo ya Tabora, unafaa kwa sababu hausinyai wala kuvimba sana. Mpingo ni mgumu zaidi, lakini ni mzito na huipa zana kazi kubwa. Mabaki ya karakana ya samani, yaliyotokana na mbao zilizovunwa kwa kibali, yatosha.

Kipande kiwe kikavu kabisa. Tundu litobolewe kwanza, pana kwa milimita moja kuliko pini, ndipo rola ikerezwe kwa kulifuata tundu hilo. Hivyo katikati haitapotea. Kisha rola izamishwe ndani ya nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi za Selsiasi, na nta ipashwe moto hadi izidi kidogo nyuzi 100. Mapovu yatakayotoka ni hewa na mvuke wa maji uliokuwa ndani ya mbao. Mapovu yakikoma, moto uondolewe na rola iachwe humo nta ipoe, lakini itolewe kabla nta haijaganda. Hewa iliyobaki ndani ya vinyweleo husinyaa inapopoa, na nta huvutwa kuingia humo. Rola ya namna hii hujilainisha yenyewe na hainywi maji upesi.

Kazi hii ifanyiwe nje, kwa chungu kirefu kisichojazwa kupita nusu. Nta ikishika moto, ifunikwe kwa bati. Kuimwagia maji huulipua moto.

Rola ya mbao hufaa boti ya mbao au ya chuma. Kwa boti ya nyuzi za kioo, ivikwe kwanza ukanda wa mpira wa tairi la ndani.

MATUNZO

Kila baada ya kutoka majini, rola zisuuzwe kwa maji safi na kuzungushwa kwa mkono. Tela liegeshwe kivulini. Boti ikikaa muda mrefu, isogezwe kidogo kila mwezi ili mzigo ubadilishe mahali. Pini zote zitolewe na kupimwa walau mara moja kwa mwaka, kabla ya safari ya kwanza ya msimu.