Siku kumi za kumtazama Mtasema

Mbwa wangu anaitwa Mtasema. Nilimpa jina hilo mwaka nilioezeka nyumba yangu kwa bati hapa Sapiwi, niliposikia kuna watu wanaulizana mwalimu mstaafu fedha kazitoa wapi. Waliokulia vijijini watanielewa. Jina la mbwa ni barua ya wazi kwa majirani. Unamwita jioni aje ale, ujumbe unafika, na hakuna aliyegombana na mtu. Nimewahi kufundisha watoto ambao kwao kulikuwa na mbwa aitwaye Hayakuhusu, na wengine Tutabanana.

Kwa miaka mitatu nililitamka jina hilo kila siku nikiamini namjua mwenye jina.

Ilikuwa Agosti, jua linazama. Watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi upande wa pili wa ua wangu wa minyaa. Mpira ukaruka ukaingia kwangu. Mtoto wa jirani, mwenye miaka 8, akapenya kwenye pengo ambalo nilikuwa nimejiahidi kuliziba tangu masika. Mtasema alikuwa amefungwa, ila mnyororo wake ni mrefu. Nilisikia yowe kabla ya mbweko. Kufika, nikakuta alama mbili za meno kwenye kigimbi na damu inachuruzika kuelekea kisigino.

La kufanya nililijua, maana nimelifundisha: jeraha la mbwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Nikamkalisha mtoto kwenye kigoda, nikachukua kipande cha sabuni ya mche na dumu la lita 20 lililoletwa asubuhi kwa baiskeli. Darasani dakika 15 ni maneno mawili ubaoni. Ukiwa umechuchumaa mbele ya mguu wa mtoto wa mwenzio, ni muda mrefu sana. Dumu liliisha kabla ya wakati, tukahamia kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Mtoto alishaacha kulia, ananitazama tu.

Mama yake akafika, mikono ina unga.

"Mwalimu, huyu mbwa amechanjwa?"

Bwana mifugo alikuwa amepita Juni. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza mapema kwamba kila mwenye mbwa na paka awalete mwembeni wachanjwe kichaa cha mbwa, bila malipo. Siku hiyo mimi nilikuwa nachambua pamba. Chama chetu cha ushirika, AMCOS, kilishaanza kununua na nilitaka kuwahi mzani kabla foleni haijawa ndefu. Nikajisemea kwamba mbwa wangu hatembei ovyo, ugonjwa ataupatia wapi? Nikamwacha amelala kivulini, nikaenda na pamba yangu.

"Hajachanjwa, mayu," nikamjibu.

Hakunigombeza. Ningepata nafuu kama angenigombeza.

Hadi nastaafu nilikuwa nafundisha Uraia na Maadili. Neno uwajibikaji nimeliandika kwa chaki mara nyingi kuliko jina langu. Nimetunga mitihani ya "taja sifa nne za raia mwema", nikatia tiki na nikatia mkasi. Jioni ile ningekuwa mtahiniwa, mkasi ungenihusu, tena si kwa kukosa jibu. Majibu yote manne nilikuwa nayo kichwani Juni ile nilipokuwa nachambua pamba.

Tulikwenda Bariadi mjini kwa bodaboda usiku huohuo, mtoto katikati, mama yake nyuma, mimi nikifuata na pikipiki nyingine. Chanjo ya binadamu haiishi kwa sindano moja. Mtoto alipewa kadi yenye tarehe za kurudi. Sindano na nauli zote nililipa mimi, na fedha zenyewe zilikuwa za pamba ileile. Pamba iliyonizuia kwenda kwenye chanjo ya bure ndiyo iliyonunua chanjo ya fedha.

Tuliporudi nilimkuta kijana mmoja amesimama uani kwangu na rungu, tayari kummaliza Mtasema. Wengi wetu tungefanya hivyo, na ni kosa. Mhudumu alikuwa ametueleza mambo mawili: sindano za mtoto zisimsubiri mbwa, na mbwa asiuawe bali afungwe na atazamwe kwa siku 10. Virusi vya kichaa cha mbwa huingilia kwenye jeraha, hupanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, ndipo vishuke kwenye mate. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyong'ata hamalizi siku 10 akiwa mzima. Ukimuua siku ya kwanza, umelizika jibu pamoja naye. Na jibu hilo si dogo, kwa sababu dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona.

Basi nikaweka kigoda mbele ya mbwa wangu, nikaanza kazi ya kumtazama.

Siku ya kwanza nilitazama maji, kwa hofu ya kuona kama anashindwa kumeza. Nikaona sufuria yake iliyotoboka pembeni. Maji hayavuki nusu, na kufika saa sita mchana imekauka. Siku ya tatu nikaona shingo: mnyororo umekula manyoya pande zote, ngozi imebaki tupu na ngumu kama ya kisigino. Siku ya nne nikamfungua masikio. Kupe niliwahesabu hadi 30, nikaacha. Siku ya sita nikagundua kwamba hulala akiangalia lile pengo la uani. Tangu masika alikuwa akililinda tundu ambalo mwenye nyumba alishindwa kuliziba. Mtoto aliyeingia hapo siku ile, kwa macho ya Mtasema, alikuwa mwizi kama mwizi mwingine.

Sisemi mbwa alale kitandani. Huku kwetu mnyama wa nyumbani ana kazi. Mbwa hulinda zizi na huandamana na wachungaji, na paka ndiye askari wa ghala, maana bila yeye panya humaliza mtama kabla ya kiangazi kwisha. Ni vibarua wasiodai. Sasa mtu anayejiita mwadilifu hupimwa wapi kama si kwa kibarua asiyeweza kumdai, wala kumshtaki, wala kumsema kilabuni? Ujira wenyewe ni maji, ukoko wa ugali na dagaa kidogo, kivuli, na sindano moja kwa mwaka. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haituombi makubwa zaidi ya hayo: mnyama asikae na njaa, kiu, maumivu wala ugonjwa kwa uzembe wa anayemfuga.

Na uzembe huo hauishii uani. Mkoa wetu wa Simiyu umepakana na Serengeti. Mwaka 1994 simba wa hifadhi ile walianza kuanguka kwa degedege, na karibu theluthi moja yao wakafa, simba wapatao 1,000. Wataalamu walipochunguza walikuta ni ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, na chanzo chake kilionekana kuwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa wa watu kama mimi, waliofungwa mnyororo mrefu na kusahauliwa. Tangu miaka hiyo ya 1990 wachanjaji wamekuwa wakipita vijijini, na hesabu yao ni rahisi: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kusambaa. Siku ile mwembeni hawakutuona, mimi na mbwa wangu tulikuwa miongoni mwa wale 30 wanaoombewa wasizidi.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa si ngeni: mtoto wa kwanza kuokolewa nayo alikuwa Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa Julai 1885, akapelekwa na mama yake jijini Paris kwa Louis Pasteur, aliyeitengeneza. Pasteur alifariki dunia Septemba 28, 1895, na ndiyo maana tarehe hiyo dunia huadhimisha siku ya kichaa cha mbwa. Zaidi ya miaka 130 imepita tangu mama yule asafiri na mwanawe. Dawa ipo, elimu ipo, na bado mama wa Sapiwi alipanda bodaboda usiku kwa sababu mwalimu alikuwa anawahi mzani.

Siku ya kumi Mtasema aliamka, akajinyoosha, akanywa maji. Nilikwenda kwa jirani asubuhi na mapema.

"Mwangaluka, mayu. Mbwa ni mzima."

"Wabeja," akasema, akaendelea kupepeta. Nikasimama kidogo, kisha nikaondoka. Shukrani ile sikustahili, na nadhani alijua.

Mzunguko mwingine wa chanjo ulipokuja nilikuwa wa pili kwenye mstari, nyuma ya msichana aliyembeba paka ndani ya kikapu. Bwana mifugo akauliza jina la mbwa. Nikalitaja, watu wakacheka. Kisha akauliza jina la mwenye mbwa, na hapo sauti yangu ikashuka. Miaka yote nilidhani jina lile linawasema majirani.

Mtasema sasa ana ukanda wa mpira shingoni, manyoya yameanza kurudi. Ana beseni la maji linalofika jioni. Pengo nimeliziba kwa minyaa mipya, imeshika vizuri. Yule mtoto mguu umepona, ila akitumwa dukani hapiti kwangu. Anazunguka kwa juu, njia ya mbali, na mimi simwiti. Mpira ukiangukia uani naacha ninachofanya, hata kama ni siku ya mzani, nakwenda kuuokota na kuwarushia mwenyewe.