Nguvu ya gofu inaanzia miguuni: jinsi ya kuuandaa mwili bila kwenda jimu

Pale Morogoro mjini, chini ya safu ya milima ya Uluguru, kuna uwanja wa gofu wa Gymkhana wenye mashimo 9. Anayetaka kucheza mashimo 18 anauzunguka mara mbili. Wapita njia wengi hudhani huu ni mchezo wa wazee wenye fedha, watu wanaotembea polepole na kupiga kampira kadogo. Vijana wanaobeba mikoba, au makedi kama wanavyoitwa, wana maelezo mengine. Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita 8 hadi 10, saa nne au zaidi juani, na mkoba wenye fimbo hadi 14 begani. Mkoba ukijazwa unaweza kufika kilo 15.

Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianzia hapo hapo, kwenye kubeba mikoba ya wengine. Kwa kijana wa namna hiyo mwili ndio mtaji. Mgongo ukiharibika anapoteza gofu, anapoteza ujira wa siku, na hata jembe hawezi kulishika. Maumivu ya mgongo wa chini ndiyo yanayowasumbua zaidi wachezaji wa gofu duniani. Tiger Woods wa Marekani, mmoja wa wachezaji wakubwa wa mchezo huu, alifanyiwa upasuaji wa mgongo zaidi ya mara moja.

Kwa nini mgongo? Anayeanza gofu huamini kwamba mpira unakwenda mbali kwa nguvu za mikono. Mwangalie mtoto anayefukuza ngedere kwenye mahindi. Kabla jiwe halijatoka mkononi, amekwisha kukanyaga mbele kwa mguu mmoja na nyonga zimegeuka. Kifua kinafuata, kisha bega, na mkono unakuja mwisho. Pigo la gofu liko hivyo hivyo. Miguu inakandamiza ardhi, nyonga zinageuka, kiwiliwili kinafuata, na fimbo inapita kwa kasi kubwa. Tangu fimbo ianze kushuka hadi iguse mpira ni kama robo ya sekunde tu.

Sasa, uti wa mgongo haugeuki sawasawa kote. Pingili tano za chini, pale kiunoni, zimeumbwa zaidi kwa kuinama na kunyooka; kugeuka kwake ni kidogo sana. Sehemu za kugeuka ni nyonga na mgongo wa juu, ule ulioshikana na mbavu. Nyonga zikiwa ngumu na kifua kikiwa kimekakamaa, kiuno kinalazimishwa kufanya kazi isiyo yake, pigo baada ya pigo. Hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Mtu wa Uluguru ana faida na ana hasara. Faida ni miguu na mapafu. Anayepanda na kushuka miteremko kila wiki ana mapaja na pumzi ambazo watu wa mjini wanazilipia fedha jimu. Mama anayeteremka na mkungu wa ndizi kichwani ana shingo iliyonyooka, tumbo lililokaza na mizani ya mwili ambayo kocha yeyote angeifurahia. Hasara inaletwa na jembe. Kulima kunakuinamisha saa nyingi upande mmoja wa mbele, misuli ya nyuma ya mapaja inachoka na kukaza, na mgongo wa juu unajikunja. Kwa hiyo anayetoka shambani jioni na kwenda moja kwa moja kupiga mipira hamsini kwa nguvu zote anajitafutia balaa. Siku ya jembe zito, fanya mazoezi ya kujinyoosha tu.

Vifaa vya mazoezi unavyo nyumbani. Chukua mpini wa jembe, uweke mabegani nyuma ya shingo, kaa kwenye kigoda huku miguu imetulia, kisha geuza kifua taratibu kulia na kushoto, mara 10 kila upande. Ukiwa umekaa, nyonga haziwezi kukusaidia, kwa hiyo mgongo wa juu ndio unaojifunza kugeuka. Baada ya hapo lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini, inua nyonga hadi mwili unyooke kutoka mabegani mpaka magotini, na ushikilie kwa pumzi tatu. Zoezi hili linaamsha misuli ya makalio, ambayo ndiyo injini ya pigo.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote ni la ndoo. Jaza ndoo ya lita 10, ishike kwa mkono mmoja tu, tembea hatua 30 bila kuegemea upande wowote, kisha badili mkono. Linaonekana jepesi mpaka ulifanye. Misuli ya ubavu inalazimika kuushikilia mgongo usipinde, na hiyo ndiyo kazi yake wakati wa pigo. Kedi anaweza kujifunza jambo hapa: usibebe mkoba kwa bega lile lile kila siku. Kama una mikanda miwili, ivae yote.

Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, na kusimama kwa mguu mmoja hata wakati unapiga mswaki. Uwanja una miinuko na mara nyingi mpira unakuta mguu mmoja uko juu ya mwingine. Asiye na mizani hapo hupiga ardhi badala ya mpira. Na kwa kuwa gofu humgeuza mtu upande mmoja tu, maliza kila zoezi kwa kuzungusha fimbo mara chache upande usiouzoea, taratibu, bila mpira.

Zamani wengi waliamini kwamba kunyanyua vyuma kunaharibu mchezo wa gofu. Gary Player wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1935 na ambaye si mtu mrefu, hakuwasikiliza. Alifanya mazoezi ya nguvu wakati wenzake wakimshangaa, akashinda mashindano makubwa 9, na mwaka 1965 akakamilisha kuyatwaa yote manne.

Siku ya kucheza, tumia dakika 10 kabla ya pigo la kwanza: tembea haraka, zungusha mikono, geuza nyonga, kisha piga mapigo mepesi kabla ya yale mazito. Jua la Morogoro ni kali, hasa kabla ya masika, kwa hiyo kunywa maji kidogo kidogo kila baada ya mashimo mawili matatu. Usingoje kiu.

Mara tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30, zinatosha, na uache siku moja ya kupumzika katikati. Mwenye shinikizo la damu, au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, azungumze kwanza na mhudumu wa afya, na asibane pumzi anaponyanyua kitu. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Lakini maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi chini ya goti, au mguu ukifa ganzi au kukosa nguvu, acha mazoezi na uende kituo cha afya. Ukishindwa kuzuia haja au kukojoa, au ukipata ganzi sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.