Stempu kwenye Kasha, Filamu kwenye Flashi

Mwaka 2013 Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Kila kasha la CD au DVD lilitakiwa kubandikwa stempu ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na lisilo nayo lihesabiwe kuwa la wizi. Watu wengi waliiona stempu kama silaha ya kukusanya kodi na kuwabana maharamia. Mimi niliithamini zaidi kwa sababu nyingine: ilikuwa mashine ya kuhesabu. Kwa mara ya kwanza mtayarishaji angeweza kujua ni nakala ngapi za kazi yake zimeingia sokoni.

Hesabu hiyo ilikuwa inakosekana vibaya. Watayarishaji wengi wa Bongo Movie waliuza filamu zao kwa mkupuo kwa wasambazaji wachache, haki zote zikaenda pamoja na masta, na habari za mauzo zikabaki kwenye daftari la msambazaji. Umati uliofurika viwanja vya Leaders Aprili 2012 kumuaga mwigizaji Steven Kanumba uliwaonyesha Watanzania ukubwa wa hadhira ambayo hakuna takwimu za wazi zilizowahi kuionyesha. Hadhira ilikuwapo, inalia barabarani, lakini benki haiwezi kumkopesha mtu kwa ushahidi wa machozi.

Shida ya stempu ni kwamba ilihitaji kasha, na kasha lilikuwa linaondoka. Simu za bei nafuu zenye kadi za kumbukumbu zilikuwa zimeshasambaa. Pita stendi yoyote kubwa ya daladala utamkuta kijana na meza yake, kompyuta iliyochubuka, spika moja na karatasi ya majina ya sizoni iliyoshikizwa kwa selotepu. Mteja anachomoa kadi kwenye simu au anatoa flashi, anataja anachotaka: za kivita, za Kihindi, ya Kikorea ile aliyoishia sehemu ya kumi, na hasa "iliyotafsiriwa". Kijana anakopi huku anapiga soga. Anakumbuka mama wa genge aliishia wapi, na anajua fundi pikipiki hataki filamu yenye mapenzi mengi. Anachokijua kuhusu mtazamaji wa Kiswahili hakimo katika ripoti yoyote niliyowahi kusoma. Na pale mezani hakuna mahali pa kubandika stempu.

Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kufuata sheria. Hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Lakini walikuwa wanaupigania mlango ambao wanunuzi walikuwa wameshaanza kuacha kuupitia.

King'amuzi nacho kilikuja na ahadi. Makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliweka Juni 2015 kuwa mwisho wa televisheni ya analojia katika ukanda wetu. Tanzania haikungoja, ilianza kuzima mitambo Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha ikaendelea na miji mingine. Picha ikawa safi, chaneli zikaongezeka. Kenya ilipita njia yenye mabishano zaidi, na Februari 2015 watazamaji wa NTV, KTN na Citizen walijikuta mbele ya skrini tupu kwa wiki kadhaa. Kwa kipimo cha ufundi kazi ilifanyika. Ila king'amuzi cha kawaida cha antena au dishi hupokea tu, hakirudishi habari. Kituo hakijui nani amewasha na nani amebadili chaneli katikati ya tamthilia, mpaka watafiti waulize watu kwa meseji za simu au kwa kugonga hodi. Kibanda umiza kinachojaza vijana benchi kwa benchi, kila mmoja akilipia mlangoni, katika vitabu vya kampuni ni mteja mmoja mwenye kifurushi kimoja.

Kampuni za mtandaoni zilikuja na kitu tofauti, maana zenyewe zimejengwa juu ya kuhesabu. Mwaka 2006 Netflix, ikiwa bado inatuma DVD kwa posta, ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 ubashiri wake wa filamu ambazo mteja atazipenda. Zawadi ikatolewa 2009. Ilipoagiza misimu miwili ya tamthilia ya House of Cards kwa mpigo, iliyoanza kuonyeshwa 2013, ilikuwa imeshatazama kwenye kumbukumbu zake ni wateja gani wanapenda kazi za mwongozaji wake David Fincher na nani aliangalia toleo la Uingereza. Uamuzi uliokuwa ukifanywa kwa pua ya mzoefu ukaanza kufanywa kwa rekodi.

Rekodi hizo ni za nani, basi? Ni za mtu mwenye intaneti ya kutosha na njia ya kulipa kila mwezi. Septemba 2021 Netflix ilizindua Kenya mpango wa bure: simu ya Android, bila matangazo, bila kadi ya benki, na karibu robo ya filamu na vipindi vyake. Novemba 2023 ikaufunga. Naamini tatizo kubwa halikuwa ada. Ada iliondolewa, bando likabaki. Mtu anayenunua bando la saa au la siku hulitunza kwa ajili ya WhatsApp na kazi zake. Filamu ya saa mbili ataifuata kwa kijana wa stendi, ambako analipa mara moja na kuitazama na nyumba nzima. Januari 2024 Amazon Prime Video nayo ikasitisha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika. Maamuzi kama hayo hufanywa mbali, mbele ya majedwali ambayo mama wa genge hayumo.

Linaloniuma ni kwamba ujuzi wa kumhudumia mama huyo tunao siku nyingi. Miaka mingi kabla mtu hajatamka neno data kwenye kikao cha filamu, Lufufu wa Dar es Salaam alikuwa akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na DJ Afro akifanya hivyo Kenya kwa mbwembwe zake. Walijua watu wanataka kisa kwa lugha yao, na kwamba mzaha wa mtaani huweza kuikomboa filamu dhaifu. Kampuni kubwa zilifika baadaye. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, nayo ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Leo tamthilia za Kituruki zinasikika kwa Kiswahili sebuleni kila jioni.

Tanzania sasa imeweka tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhi kazi. Ni hatua nzuri kuliko stempu, kwa sababu inaifuata filamu ilikohamia. Lakini fedha zikikusanywa zitagawanywa kwa kigezo gani, bila kujua ni kazi ya nani iliyokopiwa? Nisingeona aibu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ikiwalipa vijana wa stendi waorodheshe kwa mwezi mmoja wanachokopi, badala ya kuwafukuza tu.

Hata Hollywood namba zilidaiwa: waandishi na waigizaji wake walisimamisha kazi mwaka 2023, waandishi kwa siku 148 na waigizaji kwa siku 118. Mojawapo ya mambo ambayo waandishi waliyapata ni kampuni kukubali kukipa chama chao, kwa siri, idadi ya saa ambazo kazi zao zinatazamwa, na malipo ya ziada kwa zinazofanya vizuri. Desemba mwaka huohuo Netflix ilichapisha saa za utazamaji za kazi zaidi ya 18,000. Wakubwa wale waligoma ili waone namba. Sisi tunasaini bila kuziuliza.

Tangu Binti, filamu ya Seko Shamte, ilipoingia Netflix, mtayarishaji wa Tanzania kukaa mezani na mnunuzi wa mtandaoni si jambo la ndoto tena. Bodi ya Filamu na mashirikisho ya wasanii watoe mfano wa mkataba wenye kipengele kinachomdai mnunuzi, awe wa king'amuzi au wa mtandao, atoe kila robo mwaka na kwa maandishi idadi ya waliofungua filamu, waliomaliza, na nchi walizotazamia.