Mboga ni Nyingi Kasese, Lakini Nani Anazila?

Mtu asafiriye kutoka mji wa Kasese, akapita njia panda ya Kikorongo na kushika barabara ya Bwera hadi mpaka wa Mpondwe, hawezi kuamini kwamba katika nchi hiyo kuna mtoto akosaye mboga. Kulia kwake imesimama milima ya Rwenzori, ambayo miteremko yake hutoa kahawa, ndizi, mihogo, maharagwe, vitunguu na matunda ya pasheni. Bondeni kuna mashamba ya Mubuku, yaliyoanza kunyweshwa kwa mifereji katika miaka ya 1960. Siku ya gulio wanawake hushuka milimani na vikapu mgongoni, na soko la Mpondwe huwajaza Waganda na Wakongo pamoja.

Hata hivyo, uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali mwaka 2016 ulionyesha jambo la kusikitisha. Katika eneo la Tooro, ambamo Kasese ilihesabiwa, watoto wapatao 40 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, hali katika Uganda nzima walikuwa 29. Yaani nchi inayolisha wengine ilikuwa inashindwa kuwalisha wanawe.

Sababu si uvivu. Mkulima mdogo huuza zao lake bora kwa mchuuzi wa Kongo au kwa lori la Kampala, kwa kuwa anadaiwa karo ya shule na dawa. Jioni hurudi nyumbani na unga wa muhogo. Naye kibarua wa mjini, ambako machimbo ya shaba ya Kilembe yalisimama mwaka 1982, hupata ujira wa siku na kununua kwa siku. Mwenye fedha hununua gunia kwa bei ya jumla. Asiye nazo hununua fungu moja la nyanya, na mwisho wa mwezi hesabu huonyesha kwamba maskini ndiye aliyelipa bei kubwa zaidi.

Mwaka 2020 ulitufundisha jinsi sahani ya maskini ilivyo dhaifu. Mwezi Machi mipaka ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, lakini mama aliyezoea kuvuka kwa miguu na kikapu chake alikosa soko. Mwezi Mei mito ya Nyamwamba, Mubuku na Lhubiriha ikafurika, ikabomoa nyumba na kuchukua mashamba. Aliyepoteza soko akapoteza na bustani.

Basi msaada gani unafaa? Wengine hudhani kwamba ni kugawa unga na maharagwe tu. Wakati wa maafa hiyo ni lazima. Lakini unga wa bure haumpi mtoto mboga, tena haumpi mkulima wa jirani mnunuzi. Nchi nyingine zimejaribu njia ya pili: kumpa maskini uwezo wa kununua. Huko Marekani, tangu mwaka 1992, akina mama wajawazito na wenye watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo hupewa hati za kununulia mboga na matunda kwa wakulima wenyewe sokoni. Hapa Uganda, Shirika la Chakula Duniani kwa miaka mingi limewapa baadhi ya wakimbizi fedha taslimu badala ya chakula. Wazee waliotimiza miaka 80 nao wamewekewa na serikali posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Fedha ya namna hiyo hufanya kazi mara mbili: humlisha anayepewa, kisha humfikia mama auzaye mchicha.

Wala tusingoje yote yatoke juu. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Februari 2022, unatenga shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi ili familia zikopeshwe. Kikundi kinachopanda mboga karibu na nyumba kinaweza kuuza ziada na kula kilichobaki. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuwageukie ninyi, ndugu askari wa jeshi na polisi, maana jambo hili linawahusu kwa njia tatu.

Kwanza, usalama ni mbolea. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha karibu na Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mkulima mwenye hofu huliacha shamba lake la mbali, na shamba likiachwa bei hupanda. Kila doria ya mpakani ni sehemu ya kilimo.

Pili, haki njiani. Tuseme wazi: wako wachache katika sare ambao humsimamisha mwenye gunia la vitunguu na kumdai "chai". Mchuuzi hailipi hasara hiyo peke yake. Huiongeza katika bei ya kila fungu. Jioni mke wa askari yule yule huja sokoni na kulipa chai ambayo mumewe aliinywa asubuhi. Sheria za forodha na zifuatwe, lakini mama mwenye kikapu aelekezwe kwa heshima utaratibu uliowekwa kwa wafanyabiashara wadogo.

Tatu, nyumba zenu. Mshahara wa askari wa cheo cha chini si mkubwa, na watoto wa kambini nao wanahitaji mboga. Wake kumi wakichanga wanaweza kununua gunia moja la nyanya kwa mkulima na kuligawa kwa bei ya jumla. Magunia machache ya udongo nyuma ya nyumba huotesha dodo na sukumawiki mwaka mzima, kwa maji yaliyooshea vyombo.

Tunasema hivi kwa sababu mtoto aliyedumaa leo ndiye kijana tutakayemtazamia kesho alime, afundishe, au ashike bunduki ya kuilinda nchi. Mlima umekwisha kutoa mboga. Iliyobaki ni kazi yetu: kuifikisha katika chungu cha asiye na kitu.