Ukimaliza Mbio, Vua Raba

Tangu niache chuo, mbio za asubuhi hapa Kitale ndizo zimenishikilia. Mwaka jana kisigino kikagoma, nikakaa nje miezi 2. Kosa langu? Nilikuwa nashinda na raba zilezile za mbio hadi jioni, soli imeisha kabisa.

Siku hizi nikifika tu navua, navaa sandali pana, laini, zenye soli nene. Akala ni ngumu, kisigino kinachouma hakiitaki.

Nikienda Bungoma kumwona kukhu, napitia mitumba jioni. Wakati huo mguu umevimba kidogo, saizi ya kweli inajulikana. Kunja raba: ikikunjika katikati kama chapati, iache. Inafaa ikunjike kwenye vidole.

Na siku ya kupumzika, pumzika kweli, msee.