Nyimbo 58,000 na kompyuta iliyochoka: Nilivyoboresha seva ya muziki nyumbani

Jumapili moja mwaka jana mzee wangu alikuja Nairobi kutoka Siaya kumwona daktari, akalala kwangu Umoja. Baada ya chai akaniambia, "Hebu niwekee ile ya harusi."

Nilijua anachotaka. Ni kaseti ya 1987, siku ya harusi yao, ambapo mamangu anasikika akiimba na wenzake kabla bwana harusi hajafika. Mama alituacha 2014. Kaseti yenyewe iliingia unyevu ikaharibika, ila nilikuwa nimeshainakili kwa kompyuta.

Nikachukua simu, nikaandika "harusi". Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Dakika mbili baadaye seva ikazima, na haikuwaka.

"Si ulisema umezihifadhi?" mzee akauliza.

Kama hujawahi kuiona, seva ya muziki ni kompyuta tu inayokaa macho saa 24 ikiwa na nyimbo zako zote, nawe unazicheza kwa simu, runinga au spika yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba. Yangu ina nyimbo 58,000, kama TB 1.1 hivi. Marafiki huniuliza mbona nisilipie tu Spotify. Nailipia! Lakini nusu ya benga ya mzee, alizorekodi redioni na kwenye sherehe za kijijini, haiko huko. Msanii KMRU amekuwa akirejesha mtandaoni nyimbo za babu yake, Joseph Kamaru, aliyefariki 2018. Si kila mwanamuziki wa zamani ana mjukuu wa hivyo.

Jioni hiyo nilichomoa diski ya nje nikaichomeka kwa laptopu ya jirani. Nyimbo zote zilikuwepo. Kilichokufa ni kadi ya memori iliyobeba mfumo wa kompyuta na orodha ya nyimbo. Mzee akasikiliza harusi yake kwa laptopu ya watu, nami nikakaa nikijua kwamba ile sauti ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya diski ninayoweza kuiangusha kwa kiwiko.

Seva yangu ya kwanza ilikuwa Raspberry Pi 3, kikompyuta cha 2016 kinachotoshea kiganjani. Sikilaumu, kilibeba nyimbo 5,000 bila shida. Mimi ndiye niliyezidisha mzigo. Watu wengi, nikiwemo, hudhani maktaba ikikua unahitaji kompyuta yenye nguvu ili muziki usikatekate. Sivyo. Muziki wa CD bila kubanwa ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na ukiuweka kwa FLAC unapungua hadi karibu nusu. Hata kompyuta ya kizamani inaweza kutoa hiyo huku imelala.

Kazi ngumu ni kuzijua nyimbo. Seva lazima ifungue kila faili, isome jina la wimbo, msanii, albamu na mwaka, itengeneze picha ndogo ya jalada, kisha iandike yote kwenye orodha yake. Ukitafuta neno moja inachambua mistari 58,000. Pi 3 ina RAM ya GB 1 pekee; ikijaa, mfumo ukipangwa kama wangu unaanza kuazima nafasi kwenye kadi, na kadi za memori haziwezi kuandikwa mchana na usiku kwa miaka. Tena kwenye Pi 3, diski ya nje na waya wa mtandao vinapitia njia moja ya USB 2.0. Ni Pi 4, ya 2019, iliyotenganisha njia hizo.

Kwa hivyo sikutafuta prosesa kali. Nilienda Moi Avenue nikanunua kompyuta ndogo ya ofisi, Ex-UK, ya Core i5 na RAM ya GB 8, kwa Sh17,500. Muuzaji alianza na Sh23,000, akaapa kwamba hapati faida hata shilingi. Ndani kulikuwa na SSD ya GB 256, na hiyo ndiyo iliyonivutia. Ukipata SSD na RAM ya kutosha, mengine ni mapambo.

Mpangilio ni huu: mfumo na orodha ya nyimbo vinakaa kwa SSD, nyimbo zenyewe kwa diski ya kawaida ya TB 4, maana faili za muziki hazihitaji kasi. Kompyuta nimeiunga kwa ruta kwa waya, si Wi-Fi. Programu ni Navidrome, ya bure. Ile ya zamani ilichukua usiku kucha kusoma maktaba yote. Kwenye mashine mpya nilitoka kununua chapati nikarudi ikiwa imevuka nusu.

Prosesa niliihitaji mahali pamoja tu. Nikiwa kwa matatu nasikiliza kwa bando, seva inabana FLAC papo hapo hadi Opus ya kilobiti 128. Saa moja inakula kama MB 58, badala ya 400 hivi. Hapo Pi ilikuwa ikitokwa jasho.

Stima je? Nilipima: wati 12 ikiwa imetulia, yaani chini kidogo ya yuniti 9 kwa mwezi. Nimeiwekea UPS ndogo kwa sababu stima ikikatika seva ikiwa inaandika, orodha inaweza kuharibika.

Lakini pesa niliyoitumia vizuri zaidi ni ya diski ya pili. Kila Ijumaa usiku inapokea nakala, kisha inabaki imechomolewa, kwenye droo. Kuweka diski mbili ndani ya mashine moja zikiigana si akiba: ukifuta wimbo kwa bahati mbaya, unafutika kote. Na faili ya harusi, ambayo ni MB 300 tu, nimempelekea dada yangu Kisumu kwa flashi.

Mzee alirudi Desemba. Akataja wimbo, ukaja kabla hajamaliza kuutaja. Akachukua simu, akashuka polepole na orodha ya wasanii, akakunja uso. "Mbona Misiani umemweka mara tatu?"

Ni kweli. Yupo kama D.O. Misiani, Daniel Owino Misiani, na Shirati Jazz. Na chini yake kuna faili zaidi ya 400 zenye majina kama "Kaseti 14 upande B". Hakuna RAM itakayonitajia ni nani anayeimba humo. Mzee anawajua. Tuliketi, yeye akitaja majina, mimi nikiandika, tukafika kaseti ya tisa kabla ya basi lake la saa mbili usiku.