Wasaa wa Kumsikiliza Mgonjwa

Watu wanapotaja maendeleo ya utabibu, aghalabu fikira zao hukimbilia hospitali kuu za miji mikubwa, penye vyumba vya upasuaji na mitambo ipigayo picha za ubongo na moyo, na katika kuzisifu hizo husahau kile chumba kidogo chenye meza moja, viti viwili na kitanda cha kupimia, ambamo sehemu iliyo kubwa kabisa ya kazi ya utabibu duniani hutendeka kila siku. Mwaka 1961 Kerr White na wenziwe wawili wa Marekani walichapisha hesabu ambayo hata leo hutajwa na wataalamu: katika kila watu wazima 1,000, muda wa mwezi mmoja, 750 hupatwa na ugonjwa au jeraha la namna fulani; 250 huenda kwa daktari; 9 hulazwa hospitali; na mmoja tu ndiye afikishwaye katika hospitali ya chuo kikuu. Hesabu hiyo ilipopigwa upya mwaka 2001, baada ya miaka 40 ya dawa mpya na mitambo mipya, sura yake ilikuwa karibu ile ile. Mwanafunzi wa utabibu, basi, hufundwa kwa kiasi kikubwa mbele ya yule mmoja, kisha hutumwa kwenda kuwatibu wale 249 waliobaki.

Tawi la utabibu liangaliaye khalaiki hiyo huitwa tiba ya familia, na tabibu wake ni yule asiyechagua maradhi wala umri, ambaye asubuhi moja huweza kumpima mjamzito, kumsikiliza mzee aliyekosa usingizi, kumtazama mtoto mwenye homa, na kumweleza kijana kwamba maumivu ya kifua chake hayatoki moyoni. Kwa muda mrefu kazi hii ilidhaniwa kuwa sanaa isiyopimika, na waliokuwa hodari ndani yake walisifiwa kwa tabia njema kuliko kwa elimu. Tafiti za miaka 40 iliyopita zimeitikisa dhana hiyo, kwa kuwa zimepeleka saa, kalamu na hesabu mahali ambapo hapo kwanza palikuwa na maoni matupu: mgonjwa huachwa aseme kwa muda gani, huulizwa kwa maneno yapi, dawa huandikwa kwa sababu ipi, na kujuana kwa miaka mingi baina ya watu wawili kuna faida gani kwa uhai wa mmoja wao. Nionavyo mimi, ukizikusanya pamoja zinatoa hukumu moja: mengi yapoteayo katika chumba kile hupotea kwa mpango mbaya wa kazi kabla ya kupotea kwa upungufu wa elimu.

Tuanze na muda. Mwaka 2017 watafiti walikusanya takwimu za mashauriano zaidi ya milioni 28 kutoka nchi 67, wakaona kwamba wastani wa muda ambao mgonjwa hupewa na daktari wa huduma za afya ya msingi huanzia sekunde 48 katika Bangladesh na kufika dakika 22 na nusu katika Sweden, na kwamba katika nchi 18, zenye karibu nusu ya watu wote wa dunia, wastani huo hauzidi dakika 5. Wastani una hila zake, wala haifai kudhani kwamba kila dakika iongezwayo huleta siha. Mtoto mwenye malaria isiyo kali huweza kupimwa, kupewa dawa iliyo sawa na kurudishwa nyumbani katika muda mfupi bila ya kudhulumiwa. Lakini bibi mwenye kisukari, shinikizo la damu, magoti yanayouma na msiba wa mwezi uliopita hawezi kutibiwa katika dakika 5, na anayedai kumtibu katika muda huo amechagua, ajue asijue, ni lipi katika hayo manne atakaloliacha.

Hata hivyo, jambo lililonishangaza zaidi katika tafiti hizi ni jinsi muda huo mchache wenyewe unavyotumiwa. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel, baada ya kusikiliza kanda za sauti za mashauriano 74 katika Marekani, waliripoti kwamba daktari alimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza lililomleta, na kwamba wagonjwa walioachwa wamalize maelezo yao hawakufika robo. Ilitarajiwa kwamba madaktari wa familia, ambao kusikiliza ni sehemu ya mafunzo yao, watakuwa na adabu iliyo bora. Walipopimwa mwaka 1999, wastani wao ulikuwa sekunde 23, na walioachwa wamalize walikuwa 28 katika kila 100. Ndani ya utafiti huo wa pili mna nambari ambayo, lau kama ningekuwa na mamlaka, ningeiandika juu ya mlango wa kila chumba cha daktari: wagonjwa walioachwa wamalize walitumia, kwa wastani, sekunde 6 tu zaidi ya wale waliokatizwa. Tena wale ambao hawakupata kusema yote mwanzoni ndio waliozidi kuzusha jambo jipya mwishoni, mkono wa mlango ukiwa umekwisha kushikwa. Na kila tabibu anajua kwamba neno lisemwalo mlangoni mara nyingi huwa ndilo lililomtoa mtu nyumbani.

Kuna wanaojibu kwamba mgonjwa akiachwa aseme hatanyamaza. Watafiti wa Basel, katika Uswisi, waliipima hofu hiyo mwaka 2002 kwa wagonjwa 335 wa hospitali ya chuo kikuu, ambao wengi wao walikuwa na maradhi mazito na historia ndefu, wakawaomba madaktari wasikilize bila ya kuingilia huku saa ikihesabu kwa siri. Wastani wa maelezo ulikuwa sekunde 92. Karibu wanne katika kila watano walikwisha kusema katika dakika 2, na waliopita dakika 5 walikuwa 7 tu, nao madaktari waliowasikiliza walikiri kwamba waliyoyasema yalikuwa na maana. Baada ya ithibati hiyo, udhuru wa kukosa nafasi ya kusikiliza umebaki na miguu myembamba sana.

Hata namna ya kuuliza ina uzito. John Heritage na wenziwe walichapisha mwaka 2007 jaribio lililowahusisha madaktari wa familia 20 wa Los Angeles na Pennsylvania, ambao baada ya kusikiliza shida ya kwanza walitakiwa kuuliza swali moja zaidi: baadhi yao waulize kama kuna jambo jingine ambalo mgonjwa angependa lizungumzwe, na wengine waulize kama kuna lolote jingine. Swali la kwanza, ambalo laonyesha kwamba jambo hilo latarajiwa, lilipunguza kwa asilimia 78 shida zilizoondoka bila ya kusemwa. La pili, ambalo limekwisha kuegemea upande wa hapana, halikuleta tafauti ya kutajika na kutouliza kabisa. Muda wa mashauriano haukuongezeka. Jaribio hilo lilifanywa kwa lugha ya Kiingereza, na ingefaa wataalamu wetu walipime kwa Kiswahili kabla ya kulifundisha. Lakini aliyewahi kusikia swali la kuagana likiulizwa huku macho yakiwa katika daftari la mgonjwa anayefuata hatahitaji kusadikishwa sana.

Hapa msomaji aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Marekani na Uswisi, na kwamba kwetu tatizo ni matabibu wasiojua kazi. Katika mkoa wa Arusha, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walilipima dai hilo kwa njia ya werevu: waliwauliza wagonjwa, walipotoka kwa daktari, ni maswali yapi waliyoulizwa na vipimo vipi walivyofanyiwa, kabla na baada ya mtafiti kuingia na kuketi chumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mtafiti alipoingia, ubora wa kazi ulipanda mara moja. Kisha, kadiri daktari alivyozoea kutazamwa, ukashuka taratibu hadi pale ulipokuwa. Elimu ya daktari haiwezi kupanda na kushuka ndani ya asubuhi moja. Kilichopanda na kushuka ni bidii ya kuitumia.

Mwandamo wa mambo haya hutufikisha kwenye dirisha la dawa, kwani tabibu aliyesikiliza kidogo huandika mengi, na cheti kirefu hutumika kufunga mazungumzo yaliyokosekana. Mfano wa karibu ni kikohozi. Mark Ebell na wenziwe walikusanya tafiti zilizokuwapo na kuonyesha, mwaka 2013, kwamba kikohozi cha ghafla cha mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine hudumu kwa wastani wa karibu siku 18, ilhali watu waliohojiwa katika jimbo la Georgia walitarajia kiishe katika siku 7 hadi 9. Katika pengo hilo la siku kumi mgonjwa hurudi akiwa na wasiwasi, huandikiwa antibiotiki isiyohitajika, kikohozi huisha kwa majira yake, na dawa hupewa sifa isiyostahili. Paul Little na wenziwe, katika jaribio la kupanga kwa kura lililochapishwa Uingereza mwaka 1997 kwa wagonjwa 716 wa maumivu ya koo, waliona kwamba walioambiwa wachukue dawa baadaye, iwapo tu hawataona nafuu, ni 31 tu katika kila 100 walioitumia, na koo zao zilipona karibu sawa na za wale waliopewa papo hapo. Zaidi ya hayo, waliopewa papo hapo ndio waliozidi kuazimia kurudi kwa daktari safari nyingine. Cheti kimoja kisicho cha lazima huzaa vingine, na si katika familia moja tu, kwa kuwa bakteria wazoeao dawa hawaulizi mipaka ya nyumba.

Tanzania imetoa katika jambo hili ushahidi ambao ulimwengu umeutazama kwa makini. Valérie D'Acremont na wenziwe waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, na karibu mmoja tu katika kila kumi alikuwa na malaria. Kisha ukaja utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro: nusu ya vituo viliendelea kama kawaida, na nusu vilipewa kishkwambi kimwongozacho tabibu swali kwa swali, pamoja na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni na vipimo vichache vya tone la damu. Katika mashauriano zaidi ya 44,000, watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa 70 katika kila 100 kwenye vituo vya kawaida, na 23 katika kila 100 kwenye vituo vyenye kifaa; na watoto ambao hali zao hazikuwa njema siku ya saba walikuwa karibu 4 katika kila 100 pande zote mbili. Wapo waliousifu mtambo. Mimi huona kwamba sifa yake kubwa ni ukaidi wake: hauruki swali kwa sababu foleni ni ndefu, na humpa tabibu ujasiri wa kumwambia mama kwamba mwanawe hahitaji dawa hiyo.

Lakini ujasiri huo una chemchemi nyingine iliyo ya kale zaidi, nayo ni kujuana. Katika Norway kila raia ana daktari wake wa kudumu kwa mpango wa taifa ulioanza mwaka 2001, na Hogne Sandvik na wenziwe walizipitia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4.5. Wale waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja tu, uwezekano wao wa kuhitaji daktari wa zamu ya usiku ulikuwa pungufu kwa asilimia 30, wa kulazwa ghafla kwa asilimia 28, na wa kufa kwa asilimia 25. Insafu yanidai niseme kwamba utafiti wa kutazama kumbukumbu hauthibitishi sababu kama jaribio la kura lithibitishavyo, kwa kuwa wahamao mara kwa mara huweza kutafautiana na wakaao mahali pamoja kwa mengi yasiyoandikwa. Walakini faida hiyo ilikua hatua kwa hatua kadiri miaka ya kujuana ilivyoongezeka, na mapitio ya mwaka 2018 ya tafiti 22 za nchi tisa yalikuta 18 kati yake zikielekea upande ule ule.

Afrika Mashariki madaktari bingwa wa tiba ya familia ni wachache. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafundisha mwaka 2005, na itapita miaka mingi kabla ya kila kata kupata wake. Kujuana, hata hivyo, hakungoji shahada. Muuguzi au tabibu wa zahanati akaaye kituoni miaka mitatu aweza kujulikana na wagonjwa wake na kuwajua, lau mpango wa zamu haungewatawanya kila wiki kama karata. Kwa hiyo nawaomba waganga wafawidhi wa vituo vyetu jambo moja lisilohitaji bajeti: liandikwe jina la tabibu katika kadi ya kila mgonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu, na tarehe ya kurudi kwake ipangwe siku ambayo tabibu huyo yupo zamu.